Boma letu na mfuko mwembamba wa mji: shajara ya kamati ya ujenzi, Kigoma Ujiji

Jumapili, 12 Novemba 2023

Mkutano wa mtaa leo umefanyika chini ya mwembe ulio mbele ya boma. Nilimwomba mwenyekiti tusikutane shuleni kama kawaida, tuje hapa, ili kila anayenyoosha mkono akione kitu kinachozungumzwa.

Boma hili ni kuta za zahanati tulizoanza kuzipandisha mwaka 2019. Msingi tulichimba wenyewe. Tofali za kuchoma zilitoka kwenye matanuri ya vijana wa bondeni, kila kaya ikachangia tofali 20 au thamani yake. Kuta zikafika lenta, michango ikakauka, na tangu hapo zimenyeshewa masika hadi masika. Kozi ya juu, yaani safu ya mwisho ya tofali, ukiikwangua kwa ukucha inatoa vumbi jekundu. Kwenye chumba kilichopangwa kiwe cha kujifungulia umeota mpapai, na umeshazaa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati na katibu wa kamati ya ujenzi. Nimenunua daftari kubwa ili safari hii kila hatua iandikwe. Mwaka jana tulipeleka maombi saba kwenye kata. Hakuna hata moja lililorudi na jibu, na hakuna mtu mtaani anayekumbuka yote saba yalikuwa yapi.

Leo yametajwa mambo tisa. Mpaka adhuhuri yamebaki matatu: kumalizia zahanati, kujenga mfereji wa maji ya mvua unaotoka barabarani kupita nyuma ya shule, na kuezeka sehemu ya akina mama wanaouza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Nilisimama nikaomba tupeleke moja tu. Nikasema kuta hizi ni jasho letu linaloyeyuka, kila mvua inakula tofali zetu, na kabla ya kuanza kitu kipya lazima tukifunike hiki.

Bibi mmoja anayekaa chini kabisa, njia ya maji inapoishia, akainuka kwa fimbo yake. "Mwalimu mwanangu, nakuheshimu. Lakini hiyo zahanati itanitibu nini kama maji yamenichukua usiku?"

Sikuwa na jibu linalotosha, na nilimwambia hivyo. Tulipopiga kura watu 131 walikuwepo, 84 wakachagua zahanati iwe ya kwanza. Mfereji wa pili, paa la wauza dagaa la tatu. Bibi alikunja kanga yake akaondoka kabla ya dua ya kufunga.

Alhamisi, 23 Novemba 2023

Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ameongoza kikao, mtendaji wa kata ameandika. Kila mtaa umekuja na boma lake: darasa lisilo na paa, nyumba ya mwalimu iliyoishia msingi, choo cha soko. Nimehesabu majengo manne ndani ya kata moja ambayo wananchi waliyaanza na hayajakamilika.

Kabla ya kikao, kijana wa bodaboda aliniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengi: "Mwalimu, kila mwezi LUKU inanikata hela ya jengo. Si ndiyo hela ya mji hiyo? Ijenge zahanati." Nimeona niliandike jibu lake hapa, maana bila kulielewa hili watu wataendelea kuugombeza mlango usio wenyewe.

Kodi ya majengo ilihamia serikali kuu mwaka 2016. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kuanzia Julai mwaka huu nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi badala ya 1,000. Inaingia mfuko wa taifa. Ada ya maegesho nayo ni ya TARURA, wanaoshughulika na barabara zetu. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri ni ushuru wa huduma, ambao ni asilimia 0.3 ya mauzo ya mfanyabiashara, leseni, vibali vya ujenzi, kodi za vibanda, ushuru wa masoko, na ushuru wa mazao na samaki. Sasa mji wetu una nini? Una dagaa, migebuka, mawese, na biashara ya kuvuka ziwa kwenda Burundi na Kongo. Kampuni kubwa za kuzitoza asilimia 0.3 ikaonekana ni chache. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 232,388, na mwaka 2012 tulikuwa 215,458. Ni mji wa watu wengi wanaouza kidogo kidogo.

Na mfuko huo huo ndio unaozoa taka, unalipa posho za vikao vya madiwani, unaongezea madarasa kila Januari watoto wa kidato cha kwanza wanapofika, na unatoa asilimia 10 ya mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imesimamishwa tangu Aprili, lakini itarudi, na ikirudi itachukua fungu lake.

Kijana akauliza tena kuhusu barabara za lami tunazoahidiwa. Hizo zinatoka mradi wa TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia kwa miji 45, na Kigoma imo katika kundi la kwanza. Fedha hizo zimefungwa kwa kazi zilizoandikwa kwenye mkataba wake. Ni kama reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 zilizosainiwa Desemba mwaka jana: ni neema kwa mji, na ipo siku italeta mauzo na ushuru, lakini hela ya reli haiezeki zahanati.

Mtaa wetu umepitishwa kuwa wa pili kwenye orodha ya kata, nyuma ya darasa. Sikupinga. Watoto wale wanasomea chini ya mti.

Jumatano, 21 Februari 2024

Baraza limepitisha makisio. Tumo. Shilingi milioni 30 za mapato ya ndani, kwa ajili ya kurekebisha kuta, kupaua na kuezeka. Mtendaji wa kata alinionyesha mstari wenyewe kwenye karatasi, nikausoma mara mbili na kidole.

Nimepiga hesabu jioni. Miaka hii serikali kuu ilipomalizia maboma ya zahanati ilikuwa ikipeleka milioni 50 kwa kila boma, na bado kuna mahali wananchi waliongeza nguvu zao. Milioni 30 zitatufikisha kwenye paa. Milango, sakafu, choo, tangi la maji na kichomea taka vitabaki. Na hapo sijataja muuguzi, dawa, na kitanda. Mpango wa afya wa mwaka 2007 ulisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na ninaamini lengo lile lilikuwa sahihi. Ila jengo likishafunguliwa, kila mwezi linadai mshahara na dawa. Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari swali la kumuuliza mganga mkuu: mtumishi wetu ameombewa kibali mwaka gani?

Nilipowatangazia watu msikitini na kanisani, nilirudia neno moja: tumepangiwa, hatujapewa. Makisio ni hesabu ya hela ambayo bado iko mifukoni mwa watu. Isipokusanywa, mstari wetu utabaki wino.

Jumanne, 23 Aprili 2024

Mvua imenyesha kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri. Saa kumi na moja nilisikia watu wanaitana. Nilishuka na tochi. Maji yalikuwa yametoka barabarani, yamepita nyuma ya shule, yameingia nyumba tano za chini. Nyumba ya bibi ni ya kwanza kati ya hizo tano.

Tulimkuta amekaa juu ya meza, miguu ameikunja, amekumbatia mfuko wa unga na picha ya marehemu mumewe. Godoro lilikuwa linaelea. Aliponiona hakusema neno lolote kuhusu ule mkutano. Alisema, "Mwalimu, nishike mkono."

Amelala kwa binti yangu leo. Mimi siwezi kulala. Kura ilikuwa halali, na bado nitaitetea, kwa kuwa mama anayeshikwa na uchungu usiku hapa lazima atafute bajaji mpaka hospitali ya Maweni. Lakini katika ile hoja yangu yote nzuri kuhusu tofali, sikuwahi kushuka kwenda kuangalia ule mfereji unaoombwa una shida gani hasa.

Ijumaa, 26 Aprili 2024

Nilishuka juzi na fundi mkuu pamoja na vijana sita. Tumeufuata mkondo kutoka chini kwenda juu. Kwenye kalavati la barabarani tukasimama. Mdomo wake umezibwa kwa mchanga, chupa na majani ya migomba, imebaki nafasi ya kupitisha mkono. Maji hayana pa kwenda, yanaruka barabara na kujichagulia njia. Hatua thelathini kutoka hapo, mtu amejenga ukuta wa uwanja wake katikati ya njia ya maji.

Kwenye orodha yetu tuliandika "mfereji wa mita 400 kwa mawe na saruji". Tuliandika kitu cha mamilioni, kumbe theluthi ya kwanza ya kazi ni sepetu.

Siku tatu tumezibua. Tumetoa mchanga uliojaza matoroli 118, nimehesabu. Mwenye ukuta amekubali mbele ya wazee kuacha tundu pana, na ametimiza. Mhandisi aliyekuja kuangalia ametuambia kalavati lenyewe ni dogo kwa maji ya sasa, litahitaji kubadilishwa, na ameliandika.

Ziwa nalo limepanda. Mwaka 2020 na 2021 maji yalisogea mpaka kwenye mialo na nyumba za kando, na mwaka huu yanasogea tena. Wazee wa Ujiji wanalijua hili kuliko sisi: mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa pwani ya ziwa, na leo ukisimama pale kwenye mnara ziwa liko mbali. Tanganyika ina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Linapojaa linakaa limejaa muda mrefu. Kila tunachojenga kando yake kinapaswa kupimwa kwa miaka ya maji mengi.

Jumatano, 15 Mei 2024

Leo ziwa limefungwa. Miezi mitatu, mpaka 15 Agosti, hakuna uvuvi, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki wapate kuzaliana.

Nimepita mwaloni asubuhi. Vichanja vya kuanikia viko vitupu, mitumbwi imepinduliwa mchangani. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye ile kura, aliyetaka paa la kuuzia, alikuwa anakunja nyavu za mumewe. "Mwalimu, mwaka huu hata hilo paa lingekuwepo, chini yake ningeuza nini?" Ananunua mawese sasa ayapimie watu kwenye chupa.

Naunga mkono kufungwa kwa ziwa. Nimezaliwa hapa, nakumbuka dagaa walivyokuwa wakimwagwa kwa ndoo, na nimeona walivyopungua. Lakini lazima niandike upande wa pili wa hesabu. Ziwa likifungwa, mashine ya POS ya ushuru wa samaki inanyamaza. Ikinyamaza, muuza mkaa, mama ntilie na mwenye bajaji nao wanapunguza, na ushuru wa soko unashuka nyuma yao. Miezi mitatu hiyo inagusa miaka miwili ya bajeti kwa mkupuo mmoja, mwisho wa ule unaoisha Juni na mwanzo wa ule wenye mstari wetu. Ningekuwa napanga bajeti ya mji wa ziwa, ningeiandika miezi hiyo kama miezi ya njaa tangu mwanzo na kupanga malipo ya miradi yaanze Oktoba.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Ziwa limefunguliwa juzi. Usiku taa za wavuvi zimerudi, tumezihesabu na wajukuu kutoka mlimani mpaka tukachanganyikiwa. Mtaani harufu ya dagaa wabichi.

Fedha za boma: hakuna.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Robo ya kwanza ya mwaka imepita. Hakuna kilichoingia. Nimekwenda kwa mhasibu nikiwa na daftari. Amenipokea vizuri, amenionyesha makusanyo ya robo. Samaki wamepungua, kama nilivyodhani. Mikopo ya asilimia 10 imerudi na inadai haki yake. Kilichobaki kimegawanywa kwenye miradi iliyokwisha kuanza mwaka jana na ina mafundi wanaodai. Nimemshukuru. Afadhali kuambiwa hapana kwa tarakimu.

Nimerudi nikaitisha kamati. Tumekubaliana tusikae. Fundi mkuu amepanda ngazi na nyundo, akagonga kozi za juu moja moja, na sisi tukiwa chini tukasikiliza: tofali zima linalia kwa sauti kali, lililooza linatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Kozi mbili za juu upande wa magharibi, mvua inakotokea, lazima zibomolewe. Tofali 340. Tumezitafuta palepale kwa kaya ambazo hazikumaliza zamu yao ya mwaka 2019. Nina orodha. Watu wanne wamelipa leo bila kubishana, na mmoja wao amehama mtaa siku nyingi.

Mpapai tumeukata. Mapapai yake yameliwa na watoto.

Jumamosi, 30 Novemba 2024

Jumatano, tarehe 27, tulipiga kura ya serikali za mitaa nchi nzima. Mtaa una mwenyekiti mpya.

Nilikuwa na hofu. Nimeona mara nyingi kiongozi mpya akija na mradi wake na kuacha wa mwenzake uote nyasi. Nilikwenda kwake nyumbani jana baada ya Ijumaa, nikamwamkia, ingawa kwa umri ni mdogo wangu, na nikampa daftari alisome lote. Lilikaa kwake usiku mzima. Leo amelirudisha na karatasi ndani yake: ameandika majina ya watu watatu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya michango ya 2019 na wana stakabadhi. Mmoja wao ni mama yake mzazi. Nimeyaingiza na kumwomba radhi mama.

Tumekubaliana kurasa za mapato na matumizi zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kwa mwandiko mkubwa, kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakuna kitu.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Milioni 15 ziliingia mwanzoni mwa mwezi. Nusu. Zimewekwa kwenye akaunti ya kituo cha afya cha kata kwa kuwa zahanati yetu bado haina akaunti. Nilipigiwa simu nikiwa shambani, nikaja na jembe begani.

Kazi inafanywa kwa mafundi wa hapa hapa, kwa utaratibu wa fosi akaunti. Hapo ndipo penye kamati tatu, na watu huzichanganya: kamati ya manunuzi inatafuta bei na mzabuni, kamati ya mapokezi inapokea na kukagua mzigo, kamati ya ujenzi inasimamia kazi. Mtu mmoja hawi kwenye mbili. Tumewachagua mkutanoni, na kwenye mapokezi nimeomba wawekwe akina mama wawili wanaouza mwaloni, kwa kuwa wamezoea kupima na kubishania kipimo kila siku ya maisha yao.

Kikwazo ni NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Manunuzi yote siku hizi yanapita humo, na fundi mkuu wetu, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, hana namba ya mlipakodi. Bila hiyo hawezi kusajiliwa. Wiki mbili zimekwenda kwa hilo: kitambulisho, namba, barua ya mtaa, kijana wa stendi mwenye kompyuta. Naona faida ya mfumo, bei zinaonekana na hakuna anayeandika zabuni mfukoni. Lakini anayebuni utaratibu akumbuke fundi mwenye miaka 56 anayeandika makadirio yake kwa mkaa ubaoni.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Mchanga. Niandike hili kwa utulivu.

Mzabuni ameleta tipa tatu. Karatasi yake inasema kila tipa ni mita za ujazo 7. Ukiutazama kwa pembeni, mchanga umejaa mpaka ukingoni. Mama mmoja wa mapokezi akapanda gurudumu akachungulia, akaniita: "Mwalimu, katikati pameinama kama sahani."

Nikachukua ufito, tukautia alama kila sentimita tano, tukauchomeka mpaka ugonge bati. Mbele sentimita 80. Katikati 55. Nyuma 75. Wastani 70. Bodi ya tipa ina urefu wa mita 3.4 na upana wa 2.1. Zidisha: mita za ujazo 5, basi. Zinapungua 2 kila tipa, na tipa ni tatu. Ni mita 6 za mchanga ambazo mtaa ungezilipia bila kuziona.

Dereva akasema ndivyo anavyopakia mji mzima. Mama akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mji mzima sisi hatuujui. Sisi tunajua hapa." Hawakusaini. Jioni tipa ya nne ikaja, tukaipima kwa ufito ule ule, na mwisho wa siku mzigo umetimia. Ufito tumeuhifadhi ofisini.

Jumanne, 25 Februari 2025

Mkanda wa zege umemwagwa siku moja, kutoka asubuhi mpaka magharibi, bila kukata. Saruji yetu inasafiri reli zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, au barabara, na kila mfuko tunaulipia safari hiyo. Fundi mkuu hakuruhusu hata kiganja kimwagike.

Kuanzia kesho ni kumwagilia maji siku saba. Zamu zimepangwa kaya kwa kaya, madumu mawili asubuhi, mawili jioni. Ramadhani inaanza Jumapili, kwa hiyo zamu za jioni tumezisogeza mpaka baada ya futari. Waliochukua zamu ya kwanza ni nyumba tano za chini, zilizoingiwa na maji. Hawakuombwa. Bibi hawezi kubeba dumu. Amemtuma mjukuu wake na yeye akaja kukaa kwenye kivuli cha mwembe mpaka tulipomaliza.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Kenchi, mbao zinazobeba paa, ziko juu, papi za kupigilia bati zimepigwa, bati za geji 28 zimefunika upande mmoja na nusu. Fedha ya nusu ya kwanza imeisha. Tumeomba nusu ya pili mara mbili kwa barua. Bati tulizonunua zimebaki 22 ndani ya stoo ya shule, misumari haitoshi.

Mvua kubwa mbili zimepita mwezi huu. Kalavati tunalizibua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na maji yamefika kizingitini kwa bibi mara moja tu, hayakuingia. Hiyo haitoshi. Kalavati kubwa bado linahitajika.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwaka wa fedha unafungwa leo usiku.

Hesabu iliyoko ukutani: kati ya milioni 30 zilizopangwa zimeingia milioni 22. Milioni 15 Januari, milioni 7 mwezi Mei. Nane hazikuja na mstari wake unafungwa pamoja na mwaka. Nguvu za wananchi, tukipiga tofali, maji, ulinzi wa usiku na kuchimba, tumezithamanisha zikafika milioni 3 na laki nne, na kila laki ina jina lake. Kuta zimerekebishwa. Paa limekamilika. Hakuna sakafu, hakuna mlango hata mmoja, hakuna choo. Kuhusu muuguzi nimejibiwa kwa maandishi kwamba zahanati imeingizwa kwenye maombi ya kibali cha watumishi.

Kikundi cha akina mama wa mwaloni kimepata mkopo wa asilimia 10. Wametengeneza vichanja virefu vya waya, dagaa hawalali tena mchangani. Paa lao bado liko nafasi ya tatu, na wenyewe wamesema likae hapo kwa sasa.

Kwenye makisio ya 2025/26 tumeomba vitu viwili: sakafu na milango ya zahanati, na kalavati. Safari hii bibi ndiye aliyelisemea kalavati kwenye mkutano, nami nikamuunga mkono kwa vipimo: upana wa mkondo, kina cha maji ya Aprili kwenye ukuta wa shule, idadi ya nyumba. Yote mawili yamepita kwenye kata. Tumepangiwa.

Mwezi huu, tarehe 19, wahudumu wa afya walikuja kwa huduma ya mkoba. Zamani walikuwa wanapimia watoto chini ya mwembe, mvua ikija kila mtu anakimbia na kadi yake. Safari hii muuguzi alisimama mlangoni pasipo na mlango, akatazama juu, akauliza kama kenchi ni imara. Fundi mkuu akaingia mwenyewe, akarusha kamba juu ya mti wa kati, akajining'iniza kwa mikono yote miwili mbele ya akina mama, kisha akafunga mzani wa ndoano palepale. Watoto 47 wamepimwa uzito ndani ya boma letu. Nimenakili idadi hiyo kutoka kwenye rejesta yao.

Bati zilizobaki: 3. Misumari: nusu kilo. Kifusi cha sakafu kinaanza kubebwa Jumapili, 6 Julai, kila kaya ndoo tano.